Kaseti Niliyoipeleka Kuwa Shahidi

Mwaka ulikuwa 2023, kiangazi cha mwezi Juni, wakati vumbi la Mpanda linapokaa juu ya majani ya migomba na kukataa kuondoka mpaka Novemba, nami nilikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, miezi minne na siku tano, nilipojiaibisha kwa sauti yangu mwenyewe mbele ya kamati, mbele ya mjukuu wangu na mbele ya wanawake wote wa jumuiya yangu ya kanisani. Naandika kwa sababu nimechoka. Mkasa huu umesimuliwa kata yetu ya Shanwe yote, umevuka hadi Ilembo, na kila anayeusimulia anaukosea tarehe. Wengine wanasema ilikuwa Julai. Wengine wananiambia mimi mwenyewe, usoni, kwamba nilizimia. Sikuzimia. Ningezimia ingekuwa nafuu.

Aibu niitaje kabla sijaieleza, maana nyie marafiki zangu hamna subira: kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba nilisoma utotoni mpaka darasa la nne kwa masista, kisha nikaacha kwa ugonjwa, kisha ukubwani nikaendelea. Hilo neno "nikaendelea" lilikuwa uongo. Sikuwa na cha kuendeleza. Nilianza kusoma herufi ya kwanza tarehe 5 Februari 2001, nikiwa na miaka thelathini na minane, siku saba kabla ya kutimiza thelathini na tisa, katika darasa la watu wazima, nikakaa benchi moja na mwanamke aliyekuwa akinyonyesha. Kidato cha nne nilikifanya mwaka 2010 kama mtahiniwa wa kujitegemea, na cheti ninacho. Mtu mwenye cheti angesema ukweli wake kwa fahari, lakini mimi nilitaka fahari ya cheti pamoja na fahari ya masista, na mshika mbili, mnajua mwisho wake.

Sasa muziki.

Mjukuu wangu Nyamizi, binti wa mwanangu Rehema, anaimba na gitaa. Haimbi kwa kurukaruka. Anaimba taratibu, sauti iko chini, kama mtu anayemweleza mwenzake jambo zito huku akichambua mchele, na nyuma yake kuna kijana mmoja wa gitaa la besi na mwingine anayepiga ngoma kwa kuzichelewesha kidogo (wanasema ndivyo inavyotakiwa, mimi mwanzoni nilidhani hajui). Muziki huo wanauita neo soul. Nilimuuliza maana yake akanieleza vizuri kuliko walimu wangu wengi: "Bibi, ile soul ya zamani ya Wamarekani weusi, iliyotoka kanisani, ilikuja ikakaa na jazi, ikakaa na midundo ya kurap, ikazaa. Huyo mtoto miaka ya tisini wauza kaseti wakampa jina ili wamuuze." Nikamwambia basi mtoto huyo ana baba wengi. Akasema, "Ndiyo maana wanamgombea."

Nao walimgombea kweli. Mkoa ulikuwa na tamasha la muziki la vijana kila Agosti, na mshindi wa kila kundi alipelekwa Mwanza kurekodi nyimbo nne. Makundi yalikuwa matatu: kwaya, ngoma za asili na bongo fleva. Miaka miwili mfululizo Nyamizi aliwekwa bongo fleva, na miaka yote miwili watu walimpigia kelele, "Chezesha, dada!" mpaka akaliinamia gitaa lake na kushuka jukwaani kabla ya ubeti wa pili. Mwisho wa umri ulikuwa miaka ishirini na mitano, naye alikuwa akiifikisha Septemba. Kwa hiyo Agosti ile ilikuwa ya mwisho kwake. Aliiandikia kamati ya tamasha barua kuomba neo soul iwe kundi la nne. Kamati ikajibu kwamba kanuni inaruhusu, endapo itathibitishwa kuwa muziki huo si kivuli cha muziki mwingine uliokwisha kupewa kundi, na kwamba umesikilizwa hapa kwetu kwa miaka isiyopungua ishirini.

Kikao cha kwanza kilikuwa Jumamosi, tarehe 3 Juni. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Kapele, mstaafu, mtu wa kukunja makaratasi mara nne hata yasiyohitaji kukunjwa. Aliyepinga alikuwa Deo, mwenye studio ndogo ya kurekodi pale Ilembo, kijana mwenye akili nyingi na miwani ya jua anayoivaa hadi ndani ya nyumba.

"Mwalimu, hiki kitu hakina mpaka," alisema Deo. "Ukiimba polepole ni neo soul? Basi mama yangu akinibembelezea mtoto ni neo soul. Ukiongeza besi? Kwaya ina besi. Ukiimba mapenzi kwa huzuni? Bongo fleva nusu yake ni kilio. Hata wenyewe kule Marekani, wasanii kibao walilikataa hilo jina, wakasema tumebatizwa na wafanyabiashara. Sasa mtoto kaukataa ubatizo, sisi huku Shanwe tunashika mshumaa wa nini?"

Watu wakacheka. Nyamizi akasimama, akajibu kwamba mpaka hauko kwenye mwendo wala kwenye chombo, uko kwenye namna sauti inavyokaa nyuma ya mdundo bila kuukimbilia, na kwamba bongo fleva inamtaka msikilizaji asimame, lakini huu unamtaka akae. Nilijivuna. Lakini Deo alikuwa na jiwe la pili mfukoni.

"Na hiyo miaka ishirini? Neo soul imefika hapa na simu janja. Juzi tu. Halafu mkoa wenyewe wa Katavi una miaka kumi na mmoja, dada yangu. Muziki utauzidije umri mkoa?"

Hapo ndipo niliposimama. Ningekaa, leo ningekuwa napalilia mahindi yangu ya Mwamkulu na kusalimiwa kwa heshima. Nilisimama kwa sababu mume wangu, marehemu Gervas, aliyefariki tarehe 9 Aprili 2013, alikuwa fundi redio hapa hapa Shanwe, na pembeni ya ufundi aliwarekodia watu kaseti, na nilijua kwamba sandukuni kwake mlikuwa na kaseti iliyoandikwa kwa mkono wake NEO SOUL, na chini yake tarehe: 22/8/1999.

"Mwenyekiti," nilisema, "muziki huu mimi na marehemu tuliusikiliza bega kwa bega, hapa Shanwe, tangu mwaka 1999. Ushahidi upo, una mwandiko na una tarehe. Sisi tuliosoma zamani tulikuwa na desturi ya kuandika tarehe."

Laiti ningeishia kwenye mwandiko. Ile "sisi tuliosoma zamani" niliiongeza bure, kama mpishi anayeongeza chumvi kwenye mboga iliyokwisha kukolea, kwa sababu tu nilimwona mke wa mwenyekiti wa jumuiya yetu amekaa mlangoni. Mwalimu Kapele akakunja karatasi yake, akaagiza kaseti iletwe na isikilizwe hadharani baada ya wiki mbili.

Nyumbani nilifungua sanduku. Kaseti zilikuwa sabini na tatu, na ile niliitambua mara moja. Neno NEO SOUL lilikuwa kwa biro ya buluu. Tarehe ilikuwa kwa biro nyekundu. Niliona tofauti hiyo na nikaitafsiri kwa faida yangu: Gervas alikuwa mwangalifu, aliandika jina kwanza, akaja kuhakiki tarehe. Nyamizi akaigeuzageuza kaseti mkononi.

"Bibi, si tuisikilize kwanza? Kwa Mzee Fide kuna redio kaseti inafanya kazi."

Huyo Fide ni Fidelis, mdogo wake marehemu, shemeji yangu, ambaye tangu nilipoolewa mwaka 1981 kazi yake ni kunitania. Nilijua nikienda kuazima redio kwake nitasikia maneno ya mwezi mzima.

"Hati ya marehemu haionjwi kama mchuzi," nilimjibu. "Imeandikwa, imetiwa tarehe, inatosha."

"Lakini Bibi, kaseti ni ya zamani, huenda imefutika."

"Babu yako hakuwa mtu wa kufutikiwa."

Jamani. Mimi niliyeishi na fundi redio miaka thelathini na miwili! Kila redio iliyoingia dukani mwake aliibandika kikaratasi chenye tarehe kwa biro nyekundu, na tarehe hiyo haikuwa ya redio kutengenezwa kiwandani wala ya kuharibika, ilikuwa ya kupokelewa. Nyekundu ilikuwa ya kupokea. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu, lakini kiburi kikikaa mbele ya macho hata unachokijua hukioni.

Ikafika Jumamosi, tarehe 17 Juni. Kikao kilikuwa katika ukumbi wa harusi wa kukodi, kwa saa mbili tu za asubuhi, maana jioni palikuwa na harusi. Mapazia ya zambarau yalikwisha kutundikwa. Nyuma ya ukumbi wanawake wa jumuiya yetu walikuwa wakimenya viazi na kuchambua mchele, nikawasalimia mmoja mmoja na kuwaambia kwamba leo watasikia jambo. Spika mbili kubwa zilikuwa zimeshatolewa nje, zimeelekezwa barabarani. Shemeji Fide alikuja na redio kaseti yake kwenye mfuko wa rambo, akaiweka mezani.

"Shemeji, hii redio yangu haijazoea wasomi. Isije ikaona haya."

"Wewe iunganishe," nilimwambia.

Deo ndiye aliyejua nyaya, akauliza kwa adabu, "Mama, niiache ipige yenyewe hapa mezani, au niunganishe na spika za nje?"

Hayo ndiyo maamuzi madogo yanayomponza mtu. Redio ya mezani ingesikiwa na watu kumi. Nilitazama upande wa viazi, nikajibu, "Unganisha za nje. Ukweli hauna sababu ya kunong'ona."

Akaunganisha. Mwalimu Kapele akasoma kwa sauti maandishi ya kaseti, mwandishi wa kamati akaandika "Kielelezo A: kaseti moja", na Shemeji Fide akabonyeza.

Kwanza palisikika mkwaruzo, kisha jogoo, kisha mtu akikohoa. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima, wakidhani huo ndio mwanzo wa neo soul. Kisha mwanamke akaanza kusema, kwa sauti ya juu kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, maana zamani tuliamini kwamba kaseti iendayo mbali lazima ipigiwe kelele:

"Baba Rehema! Baba Rehema, habari za huko Dar es Salaam! Ni mimi mkeo! Leo Jumatatu, jana ilikuwa Nane Nane!"

Niwaeleze wadogo zangu msioyajua hayo. Wakati ule simu haikuwepo nyumbani kwa mtu, na asiyejua kuandika alituma barua ya kaseti. Ulikaa mbele ya redio ya jirani, ukasema yote, ukampa msafiri wa treni. Aliyeipokea alisikiliza, akakurudishia majibu juu ya kaseti ile ile, akiyafuta maneno yako kwa maneno yake. Ndiyo maana sikuwahi kuogopa. Kwa desturi yetu barua ya kaseti haikuacha mabaki. Gervas alikuwa Dar es Salaam kuanzia Machi 1998 hadi Desemba 1999, akitengeneza redio katika duka la mtu, na mimi nilimtumia barua tisa, na majibu tisa nilipata, bila kuangalia yalikuja juu ya kaseti zipi, nikaamini maneno yangu yote tisa yamezikwa, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba moja niliirekodi juu ya muziki wake.

Sauti yangu iliendelea, nje, barabarani, juu ya viazi:

"Ile kaseti uliyoniachia ulipokuja Pasaka, ya wale watu wanaoimba kama wamefumaniwa, hawapazi sauti, mtu mzima anaguna tu mm-mm wimbo mzima, mimi imenichosha! Vijana wa hapa Shanwe kila jioni wanajaa kwenye benchi lako, 'Mama tuwekee ile, Mama tuwekee ile,' benchi wamelivunja mguu! Sasa sina kaseti nyingine, nakurekodia humu humu, niifute, tupumzike!"

Ukumbi ulilipuka. Shemeji Fide alishika tumbo. "Bega kwa bega, shemeji!" alipiga kelele. "Bega kwa bega!"

Nikaona Mwalimu Kapele anakunja karatasi mara ya tano, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nikamwona Nyamizi. Hakucheka. Alikuwa amelikumbatia gitaa lake kama mtu aliyeshika mzigo kituoni huku basi likiondoka. Na kaseti ikaingia kwenye maneno niliyoyakumbuka sekunde moja kabla hayajatoka: "Baba Rehema, nina neno la siri, usimwambie mtu..." Nikaruka, miaka yangu sitini na mmoja nikaiacha kitini, nikabonyeza kitufe cha kuzima mpaka redio ikasogea mezani.

Nje mtu akasema, "Aaa, mbona mmezima? Ndiyo ilikuwa inanoga!"

Deo alivua miwani. Nashukuru kwamba aliivua. "Mwenyekiti," alisema kwa upole, "sifurahii. Ila kielelezo ni barua ya mama. Tarehe ni ya barua. Muziki hamna humo. Umefutwa, na aliyefuta ndiye shahidi."

"Maneno kuhusu muziki yamo," akasema Nyamizi. "Vijana wa Shanwe, benchi, kila jioni."

"Muziki gani? Anasema watu wanaguna. Kuguna ni neo soul? Hata ng'ombe wa Mwamkulu wanaguna."

Mwalimu Kapele akanigeukia. "Mama Rehema, kanuni zetu ziko wazi. Kielelezo kinasikilizwa chote au kinaondolewa chote. Hatuwezi kupokea nusu. Unakiondoa?"

Mkiniuliza nilihisi nini, nilihisi uchovu, ule wa mtu aliyebeba ndoo miaka zaidi ya ishirini na minne bila kumwaga tone, na sasa ameona mlango wa nyumba uko mbele lakini kuna ngazi. Nikikiondoa, siri yangu inarudi sandukuni, na Nyamizi anarudi kwenye "Chezesha, dada." Nilijua pia, kwa hesabu za mke wa fundi, kwamba upande mmoja wa kaseti ile (wa pili haukuwahi kurekodiwa kitu) ni dakika thelathini, na mimi sikuwahi kuwa na maneno ya dakika thelathini. Baada ya maneno yangu lazima kuwe na mkia, kitu ambacho sauti yangu haikukifikia. Kama kipo, kipo huko mwisho. Na njia ya kwenda huko inapita kwenye siri.

"Bibi, acha," Nyamizi alininong'oneza. "Siyo lazima."

"Spika za nje zibaki?" Deo akauliza. Hakuwa na ubaya.

"Zibaki," nilisema. "Waliosikia mwanzo wasikie mwisho." Nikabonyeza mwenyewe.

"...usimwambie mtu. Hizi barua zako za kuandika usinitumie tena, mimi nasomewa na Mama Kaswiza, na juzi kasoma pale uliposema mambo ya chumbani, nimeona aibu! Kanisani naambiwa niongoze nyimbo kwa kuwa nimewaambia nilisoma kwa masista. Nashika kitabu, naimba kwa kukariri. Jumapili ile mtoto wa Mama Kaswiza kaniambia kwa sauti, 'Mama, kitabu chako kiko miguu juu kichwa chini!' Baba Rehema, sijasoma hata siku moja, wewe unajua, nataka kusoma, nisaidie, lakini wasijue..."

Sitaandika yote. Dakika zilizobaki za barua ile zilikuwa nyingi kuliko miaka mingi ya maisha yangu. Nilisimama wima, mikono nimeifumbata mbele, kama tunavyosimama wakati wa Injili. Nje visu vya viazi viliwekwa chini. Hata Shemeji Fide alitazama viatu vyake. Sauti ikaomba chumvi, ikaomba kitenge, ikasalimia watu kumi na wanne kwa majina, ikasema "Basi", ikakohoa, na jogoo akawika tena.

Kisha kukatoka tik.

Na katikati ya neno, kama mtu aliyekuwa chumba cha pili mlango ukafunguliwa ghafla, ukaja ule muziki. Besi nzito, ngoma inayochelewa, na mwanamke anayeguna taratibu, mm-mm, nyuma ya mdundo bila kuukimbilia. Dakika nne na nusu, nilizihesabu kwa saa ya ukutani kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama. Deo alisogea karibu na redio akainamisha kichwa. Upande ulipokwisha na kitufe kuruka chenyewe, aliinua kichwa, akasema, "Mwenyekiti, hii ndiyo yenyewe. Siyo bongo fleva. Siyo kwaya. Mdundo ule wa kuchelewa, Nyamizi kaueleza siku ile, nikajifanya sikuelewa." Akavaa miwani yake. "Na kama Agosti ya tisini na tisa vijana wa Shanwe walivunja benchi kwa ajili ya hii, basi mimi sina hoja. Nina swali tu: nani alilipa benchi?"

Watu wakacheka, lakini kicheko cha kushusha mzigo. Kamati ikasema itatoa uamuzi kwa maandishi.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma, na huko ndiko walikokuwa wenye viazi. Niliwapa shikamoo waliostahili. Mama Kaswiza, yule yule, sasa mzee kuliko mimi, akanitupia kisu na beseni. "Kaa umenye, msomi," alisema. "Mimi mambo ya chumbani nilikwisha kuyasahau, umenikumbusha leo kwa spika." Nikakaa, nikamenya. Tangu siku hiyo ananiita Masista, na jumuiya nzima imemfuata, na nimechoka hata kukasirika.

Siku ya pili yake, Jumapili tarehe 18, baada ya misa, niliketi na sanduku la kaseti. Nyamizi alitaka kujua kwa nini babu yake hakujibu juu ya kaseti ile kama ilivyokuwa desturi. Mnajua kaseti ina vijino viwili vya plastiki mgongoni, na ukivivunja haiwezi kurekodiwa tena, na mtu akitaka kuirekodi lazima azibe matundu kwa karatasi. Kaseti sabini na mbili za Gervas zilikuwa na vijino vyao, au matundu yamezibwa, kwa kuwa kwake kaseti ilikuwa mali ya kutumika tena na tena. Moja tu ilikuwa imevunjwa vijino vyote viwili, vya pande zote mbili, na matundu yameachwa wazi. Muziki alioupenda kuliko wote niliufuta kwa malalamiko yangu, naye akavunja vijino ili malalamiko yasifutike.

Aliporudi tarehe 19 Desemba 1999, hakutaja kaseti. Alitoa kwenye begi madaftari mawili ya mistari mipana na penseli, akasema mteja ameyasahau dukani na kwamba ni vibaya kuyatupa. Yalikaa rafuni mwaka mzima na zaidi kabla sijathubutu kuyashika. Nilidhani miaka yote hiyo kwamba nilianza kusoma kwa uamuzi wangu peke yangu.

Kwa hiyo nimeapa, na ninaapa tena kwa maandishi: sitapeleka tena shahidi barazani kabla sijamsikiliza mpaka mwisho, na nikiulizwa spika za ndani au za nje, nitasema za ndani. Nilianza kusoma tarehe 5 Februari 2001. Mkisimulia, simulieni hivyo.

Shauri lilifungwa Ijumaa, tarehe 14 Julai 2023, saa nne na robo asubuhi. Mwalimu Kapele alituita mimi na Nyamizi, akakunjua karatasi na kusoma. Neo soul ilitambuliwa kuwa kundi la nne la tamasha, kwa sababu ni uimbaji wa sauti ya chini, usioukimbilia mdundo, unaomtaka msikilizaji akae. Na kwamba umesikilizwa Shanwe tangu Agosti 1999 au kabla, kwa ushahidi wa malalamiko ya mkazi. Nyamizi alilia bila sauti, akakaa nyuma ya mdundo hata katika kulia. Aya ya mwisho ilisema Kielelezo A kirudishwe kwa mwenyewe kikiwa kizima.

Mwandishi wa kamati akanisogezea daftari la makabidhiano pamoja na biro mbili, akasema, "Mama, ukitaka naweza kukuandikia mimi."

"Nitaandika mwenyewe," nilimwambia.

Nikachagua nyekundu. Nikaandika jina langu lote, Skolastika mjane wa Gervas, na chini yake: 14/7/2023, imepokelewa.